Fusion au Malibu? Soma kwanza alama ya nane

Jumamosi moja ya Januari, huku Minnesota, nilimsindikiza shemeji yangu yadi kutafuta gari. Ana miezi saba tangu atue. Anabeba boksi zamu ya usiku kwenye ghala lililo maili 23 kutoka anapolala, na zamu ikiisha saa kumi alfajiri hakuna basi. Mfukoni alikuwa na dola 9,000 na chenji. Pale yadi, ubavu kwa ubavu, zilikuwa zimeegeshwa Ford Fusion ya 2017 na Chevrolet Malibu ya 2017, bei zikipishana dola 300 tu.

Shemeji alishachagua kabla hajafungua mlango. Alichuchumaa mbele ya grili ya Fusion akaishika kama anayempima mbuzi. "Shem, hii si ile Aston Martin?" Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Tangu Ford walipoionyesha sura hiyo Detroit, Januari 2012, kila mtu aliona ufanano na hayo magari ya kifahari ya Uingereza, na Ford wenyewe waliwahi kuimiliki Aston Martin hadi 2007, kwa hiyo tuseme mtoto alichukua sura ya mjomba.

Mimi nilikwenda kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Nikakwangua barafu kwa kadi ya maktaba, nikasoma namba ya chesisi. Ina alama 17, herufi na tarakimu. Nikahesabu kwa kidole hadi ya nane: D. "Hii tuiache," nikamwambia. Alininunia mpaka tulipofika kwenye Malibu.

Nieleze basi, maana nimeshaulizwa swali hili la Fusion au Malibu na watu wengi, na mara zote linaulizwa kama vile ni magari mawili. Si mawili. Ni saba au nane yaliyovaa mabati mawili. Ukichagua nembo kwanza, umeacha nusu ya uamuzi mikononi mwa muuzaji.

Kwa mwili yanakaribiana mno. Yote ni ya daraja la kati kwa vipimo vya Marekani, watu watano. Fusion ya kizazi cha pili ina urefu wa mita 4.87, Malibu ya kuanzia 2016 ina mita 4.92. Nafasi ya miguu nyuma inapishana kwa nusu sentimita. Buti la Fusion ya kawaida ni lita 453, la Malibu lita 447. Ukiambiwa moja ni kubwa kuliko nyingine, cheka tu.

Yanapotofautiana sana ni kwenye ukoo. Malibu ni jina la kale. Lilianza 1964 kama toleo la juu la Chevrolet Chevelle, likichukua jina la mji wa pwani ya California. Likawa gari linalojitegemea 1978, likafutwa 1983, likarudi 1997 likivuta kwa magurudumu ya mbele. Katikati hapo kuna kisa ninachokipenda: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Iraq iliagiza Malibu zaidi ya 25,000 kutoka kiwanda cha Oshawa, Kanada, ikapokea karibu nusu, kisha ikakataa zilizobaki. Wakanada wakauziwa hizo kwa bei ya kutupa, gia za mkono na yote. Mpaka leo wapo wanaozitunza.

Malibu ya 2008 ilikuwa ya kwanza kwa muda mrefu ambayo mtu angeinunua bila kuomba radhi. Ndiyo iliyotwaa tuzo ya gari la mwaka la Amerika Kaskazini. Ya 2013 ilirudi nyuma, abiria wa nyuma wakikaa magoti kidevuni. Ndiyo maana ya 2016 ilirefushwa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa sentimita 9, na wakati huohuo ikapunguzwa karibu kilo 136. Ukisikia nasema Malibu hapa, ninazungumzia hii ya 2016 na kuendelea. Iliunganishwa Kansas City, upande wa jimbo la Kansas, hadi Novemba 2024 GM, kampuni mama ya Chevrolet, ilipoacha kuiunda.

Fusion ni mtoto wa juzi. Ilianza na modeli ya 2006, na hata jina halikuwa lililokusudiwa. Ford walitaka Futura, wakakuta wameshapoteza haki ya jina hilo kwa maduka ya Pep Boys yaliyolitumia kwenye matairi. Chini ya bodi ilikuwa Mazda6, na iliunganishwa Hermosillo, Mexico. Kwa hiyo gari hili la Kimarekani lilikuwa na mifupa ya Kijapani na cheti cha kuzaliwa cha Mexico. Kizazi cha pili, cha 2013, ni pacha wa Ford Mondeo ya Ulaya. Aprili 2018 Ford walitangaza kwamba wanaachana na saluni Marekani, na Fusion ya mwisho ilitoka kiwandani katikati ya 2020. Tahadhari moja: Ulaya kulikuwa na gari dogo tofauti kabisa lililoitwa Ford Fusion. Ukitafuta spea mtandaoni bila kutaja mwaka na Marekani, utaletewa vitu visivyokaa.

Yote mawili, basi, hayatengenezwi tena. Watu huona hilo ni doa. Mimi naona ndiyo sababu ya bei kushuka, na spea zimejaa kwa sababu yaliuzwa kwa wingi.

Sasa turudi kwenye ile alama ya nane, maana ndiyo inayotaja injini. Kwa Fusion ya kizazi cha pili, ukikuta 7 ni injini ya lita 2.5 isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi. Ukikuta D ni lita 1.5 ya tabo. R ni lita 1.6 ya tabo ya miaka ya mwanzo. 9 ni lita 2.0 ya tabo. U ni haibridi, ya mafuta na umeme. Muuzaji atakwambia "SE" au "Titanium", lakini hayo ni majina ya viti na rimu. Injini iko pale kwenye kioo.

Kwa nini niliikataa D? Juu ya bloku ya injini hiyo, mahali bloku inapokutana na hedi, kati ya silinda na silinda, pamechongwa mfereji mwembamba wa kupitisha maji ya kupozea. Gasketi inayoziba hapo ikibaki na ukingo mdogo wa kukalia, maji hupenya na kuingia silinda. Ford walitoa waraka kwa mafundi wao kuhusu Fusion za 2017 hadi 2019 zenye injini hiyo, na dalili walizozitaja ni maji kupungua kwenye tangi, moshi mweupe na injini kutetemeka. Dawa iliyoandikwa humo si gasketi, ni bloku nyingine. Kwa gari la dola 9,000, hiyo ni kununua gari mara mbili. Injini ya 2.0 ya tabo ya miaka hiyo nayo imetajwa kwa ugonjwa wa aina hiyohiyo. Na ile R ya 1.6 iliitishwa kiwandani, yaani wenye nayo walitakiwa kuirudisha irekebishwe, tangu mwishoni mwa 2012 kwa hatari ya kuchemsha na kuwaka moto.

Sisemi kila D ni mbovu. Zipo zinazotembea vizuri, na zipo zilizokwisha kubadilishiwa injini kwa waranti. Hizo, kama makaratasi yapo, ni dili. Lakini mtu mwenye akiba moja asicheze kamari na maji ya rejeta. Kama ni lazima uitazame D, nenda asubuhi kabla injini haijawashwa siku hiyo. Gusa boneti, iwe baridi. Tazama tangi la maji. Kama liko chini ya mstari, au maji yanang'aa mapya huku kila kitu kingine ni vumbi, uliza kwa nini. Washa mwenyewe. Kwenye baridi kila gari hutoa mvuke mweupe, lakini mvuke wa kawaida hukatika injini ikipata moto, na hauna harufu tamutamu kama sharubati iliyoungua.

Ile 7, lita 2.5, ni kitu kingine. Haina tabo, inapumua yenyewe, ina asili ya Mazda, na taiming yake ni cheni, si belti kama ya D. Nguvu farasi 175, hakuna cha kumsimulia mtu. Inakunywa: maili 25 kwa galoni kwa wastani kwenye Fusion ya 2017, kama kilomita 10.6 kwa lita. Ila fundi yeyote aliyefundishwa chini ya mwembe anaielewa. Ugonjwa wake mkubwa hauko kwenye injini. Ni bushi ya plastiki inayoshika waya wa gia. Fusion za 2013 hadi 2016 zenye 2.5 ziliitishwa 2018 kwa sababu bushi hiyo ikivunjika unaweza kuweka mkono wa gia kwenye P, yaani maegesho, na giaboksi isiwe P; unashuka, gari linaondoka peke yake. Kuitisha huko kulirudiwa na kupanuliwa, na 2022 kulifika magari milioni 2.9 ya Ford ya aina mbalimbali. Marekebisho ni bure. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, taasisi ya usalama wa barabara ya serikali, utaona kama ilikwishafanyika. Na jizoeze hendibreki, hata mahali tambarare.

U ndiyo ninayoipenda. Haibridi ya Fusion inatumia injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, ya ukoo uleule wa 2.5, na mota ya umeme. Pamoja zinatoa nguvu farasi 188. Ford walianza kwa kujisifu maili 47 kwa galoni, mji na barabara kuu, namba nzuri kama ya bahati nasibu. Mwaka 2014 wakairekebisha wenyewe hadi 42 kwa wastani. Hata hiyo 42 ni karibu kilomita 18 kwa lita, na kwa gari la ukubwa huu ni neema. Mwaka 2017 Ford walitangaza toleo la polisi la gari hilihili, haibridi ya kwanza iliyopimwa kwa kazi ya kufukuza wahalifu, kwa hiyo usidanganywe kwamba ni gari la kwendea kanisani tu.

Tupige hesabu. Tuseme unatembea maili 20,000 kwa mwaka, umbali wa mtu wa kazi za usiku na Uber ya wikiendi, na galoni ni dola 3. Fusion ya 2.5 itakula dola 2,400. Malibu ya 2019 yenye tabo ya 1.5, wastani wa maili 32, itakula dola 1,875. Fusion haibridi itakula kama dola 1,430. Tofauti ya juu na chini inakaribia dola 1,000 kwa mwaka, na hiyo ni tiketi ya kwenda Dar msimu usio wa sikukuu.

Haibridi inakudai kwenye buti. Betri inakaa nyuma ya viti, buti linashuka kutoka lita 453 hadi 340. Ile ya kuchomeka kwenye umeme, Energi, inabaki na 232. Mgeni akitua na mabegi mawili ya kilo 23 yaliyosheheni dagaa wa Mwanza na nguo za vitenge, begi moja litakaa kiti cha nyuma pamoja naye. Betri ya haibridi ilikuwa na waranti ya miaka 8 au maili 100,000. Nyingi sasa zimeshavuka, kwa hiyo ukiendesha tazama kama injini inawaka na kuzima muda wote hata ukiwa umesimama.

Malibu je? Alama yake ya nane ikiwa T ni lita 1.5 ya tabo, na nyingi utakazokuta ni hizo. X ni 2.0 ya tabo, nguvu farasi 250, tamu na yenye kiu. U ni haibridi, injini ya lita 1.8 na ufundi uliotoka kwenye Chevrolet Volt, gari lao la kuchomeka kwenye umeme, maili 46 kwa galoni. Hiyo U iliuzwa 2016 hadi 2019 tu na ni adimu kama kaburi la kinyonga. Ukiipata ikiwa na historia safi, usiendelee kusoma, kalipe.

T ina nguvu farasi 160, na mjini zinatosha. Shemeji aliiendesha kuzunguka mtaa. Tulipofika kwenye taa nyekundu akabana breki, na mshale wa mizunguko ukaanguka. Kimya. Akanigeukia macho yamemtoka: "Limezima!" Nikamwambia aachie breki. Likajiwasha kabla hajamaliza kushusha pumzi. Ni mtindo wa kuokoa mafuta, na kwenye Malibu hii hawakuweka kitufe cha kuuzima, jambo linalowakera wenye magari hayo mpaka leo. Ukishusha gia kwenye L, ile gia ya chini, haizimi, ila nani anataka kuishi kwenye L?

Malibu za 2016 hadi 2018 zenye T zina giaboksi ya gia sita. Kuanzia 2019 ikaja CVT, isiyo na ngazi za gia, laini kama inateleza. Mimi mwoga, napendelea gia sita. Kama unanunua CVT, dai risiti ya kubadilisha oili yake. Asiyekuwa nayo mpunguzie bei kichwani mwako.

Kitu kimoja Malibu inaishinda Fusion, na wazazi wa vijana wanisikilize. Ndiyo Chevrolet iliyoanza na mfumo wao wa dereva kijana, 2016. Unampa mtoto ufunguo wake. Asipofunga mkanda, redio inanyamaza. Unaweza kupunguza sauti ya juu ya muziki na kuweka onyo la mwendo, na akirudi gari linakupa ripoti: mwendo wa juu aliofika, umbali aliotembea. Mama mmoja wa Kikongo jirani yetu anaisoma ripoti hiyo mezani kila Jumapili baada ya chakula, kwa sauti.

Fusion inajibu kwa theluji. Yenye 2.0 ya tabo inaweza kupatikana ikivuta kwa magurudumu yote manne. Malibu haina kabisa, yote huvuta mbele tu. Kwa maoni yangu watu wa Minnesota wanalipa sana kwa magurudumu manne na kidogo kwa tairi za theluji, wakati tairi ndizo zinazosimamisha gari. Ila kama nyumba yako iko juu ya kilima, najua hutanisikiliza.

Kwenye usalama, kuanzia 2019 Fusion zote zilikuja na breki ya dharura inayojifunga yenyewe, hata lile toleo la chini. Malibu ya mwaka huohuo iliiuza kama nyongeza. Na nyingi za Fusion zina vitufe vya namba kwenye mlango wa dereva. Inaonekana mchezo mpaka siku umefungia ufunguo ndani saa kumi alfajiri, nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wale wa dola 3,000 au 4,000 watakutana na Fusion za kizazi cha kwanza. Si mbaya hata kidogo, lakini za 2006 hadi 2012 ziko kwenye orodha ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayoweza kulipuka na kumrushia dereva vipande vya chuma, ambayo serikali iliwaamuru Ford waibadilishe Januari 2021. Usiliendeshe kwenda nyumbani kabla hujakagua namba. Malibu za umri huo nazo zina lao: GM waliitisha za 2004 hadi 2006 na 2008 hadi 2009 kwa msaada wa usukani kukatika ghafla.

Ndugu wa Muscat na Dubai wanayajua yote mawili kwa sababu yaliuzwa Ghuba. Kwao theluji si hoja, joto ndilo, na kwenye joto mimi ningezidi kuikimbia tabo iliyochoka. Wanaowaza kulisafirisha nyumbani wakumbuke kitu kimoja: usukani uko kushoto. Kenya hailisajili gari la namna hiyo kwa mtu wa kawaida. Wa Bujumbura na Kigali, ambao huendesha upande wa kulia, wana nafasi zaidi, ila wamuulize kwanza fundi wa kule kama amewahi kuifungua haibridi ya Ford.

Ile Malibu ya yadini shemeji hakuichukua. Injini kuzima kwenye taa kulimtia wasiwasi usioelezeka, na mimi sikumlazimisha. Gari ni lake, usingizi ni wake. Tukarudi kwa basi, tumekaa bega kwa bega bila maneno.

Wiki mbili baadaye akanipigia saa tatu asubuhi, ametoka zamu hajalala, upepo unavuma kwenye simu. Yuko yadi nyingine, peke yake, mbele ya Fusion ya 2015.

"Shem, nimehesabu. Ya nane ni 7."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Tatu."

Nikamwambia awaombe waliinue kwenye jeki, na asitie saini chochote mpaka nifike tuione ile bushi ya waya wa gia.